Tufunzane adabu ya kupeana zamu barabarani

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa watu wanaolalamikia ukosefu wa adabu wa madereva wetu, hasa pale barabara kuu inapofungwa upande mmoja ili itengenezwe, na magari yote yakalazimika kupenya katika njia moja nyembamba. Nimewalaumu wenye matatu, nimewalaumu wenye magari ya kifahari, nimewalaumu hata wenye pikipiki. Leo naomba ruhusa ya wasomaji wangu, walimu na wanafunzi, nijipandishe mwenyewe kizimbani kabla sijamtaja mwingine yeyote.

Ilikuwa mwaka 2021, siku ya kufungua shule. Wakati huo Barabara ya Mombasa ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya ujenzi wa Nairobi Expressway, ile barabara ya kilomita 27 itokayo Mlolongo hadi Westlands, ambayo umma ulianza kuitumia mwezi Mei mwaka 2022. Nguzo zake zilikuwa zikisimamishwa katikati ya barabara ya zamani, na kwa sababu hiyo safu ya kulia, iliyo karibu na katikati, ilifungwa hapa na pale kwa koni na vizuizi. Nilikuwa nikimpeleka mpwa wangu, binti ya dada yangu, katika shule yake iliyoko upande wa Machakos. Alikuwa Kidato cha Tatu, na lango la shule lilikuwa lifungwe saa kumi jioni.

Kama kilomita moja kabla ya mahali palipofungwa, kulikuwa na kibao kilichotangaza kwamba safu ya kulia imekoma mbele. Mara tu madereva walipokiona kibao hicho, karibu wote walihamia kushoto, nami nikiwa mmoja wao. Safu ya kushoto ikajaa pomoni, ikawa haisogei. Safu ya kulia ikabaki tupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo.

Haukupita muda nikaanza kuona magari yakitupita kwa upande ule wa kulia, moja, mawili, matano, yakienda hadi kwenye koni na huko kuomba kuingizwa. Moyo ukanichemka. Je, sisi tuliojipanga mapema tulikuwa wajinga? Nikakata usukani, nikaingia safu ya kulia, kisha nikawa nakwenda sambamba na lori lililokuwa kushoto kwangu, hatua kwa hatua, bega kwa bega, ili asipite mtu. Nilijiona shujaa. Nilijiona askari wa haki asiye na mshahara.

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, "mbona umewazibia njia?"

"Hao ni walafi, mwanangu," nikamjibu. "Wanataka kupakuliwa kabla ya zamu yao."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Lakini hii safu haijafungwa hapa. Imefungwa kule mbele. Nani aliyesema foleni inaanzia hapa?"

Nilikuwa bado natafuta jibu wakati dereva wa matatu moja iliyokuwa nyuma yangu, aliyekuwa amepiga honi hadi akachoka, alipokata kushoto, akapita katika mwanya kati ya magari, akapanda ukingo wa barabara na kuingia katika njia ya waendao kwa miguu. Hapo palikuwa na wavulana watatu waliovalia sare, kila mmoja na sanduku lake la bati. Waliruka mtaroni. Sanduku la mmoja wao lilimponyoka, na gurudumu la matatu likapita juu yake. Sukari, sabuni na madaftari mapya vikatapakaa matopeni.

Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Foleni ilikuwa imesimama kabisa, basi mpwa wangu akateremka, akamsaidia yule mvulana kuokota kilichookoteka. Mimi nilibaki nimeshika usukani. Nilimtazama mtoto yule akilifuta daftari kwa mkono wa sweta yake, na swali la mpwa wangu likanirudia kwa uzito mwingine. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Sisemi haya ili kumtakasa dereva wa matatu. Kosa lake ni kosa, na halina utetezi. Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inamhesabu kuwa mkosaji mtu yeyote aendeshaye gari juu ya njia ya waendao kwa miguu, na ni haki iwe hivyo. Lakini siwezi kusahau kwamba njia aliyoruhusiwa kuipita ilikuwa wazi, na aliyeifunga hakuwa mkandarasi wala polisi. Alikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana jambo hili, na nimetambua kwamba tunapozungumzia adabu ya foleni tunachanganya watu watatu tofauti na kuwatwika lawama moja.

Wa kwanza ni yule anayeitumia safu iliyo wazi mpaka pale inapokoma, kisha akangoja zamu yake ya kuingia. Wa pili ni yule anayeiacha barabara yenyewe, akapita ukingoni, juu ya njia ya waendao kwa miguu, au upande wa magari yanayokuja, ili awatangulie wenzake. Wa tatu ni yule anayejifanya hakimu, ama kwa kuiziba safu iliyo wazi kama nilivyofanya mimi, ama kwa kuligandamiza gari lake kwenye bampa ya gari la mbele ili asiingie mtu hata mmoja.

Kwa mazoea yetu, wa kwanza tunamwita mlafi, wa pili tunamlaani lakini kesho yake tunamfuata, na wa tatu tunampigia makofi. Nadai kwamba tumekosea hukumu. Msongamano ukiwa mkubwa na magari yanatambaa, huyo wa kwanza hana kosa lolote. Wakosaji ni wa pili na wa tatu, na aghalabu wa tatu ndiye amzaaye wa pili.

Naomba nilieleze dai hili kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifuata. Tuseme kuna magari 200 yanayongoja kupita mahali palipofungwa. Kila gari, pamoja na nafasi iliyo mbele yake, linachukua kama mita 7 na nusu. Yote yakijipanga katika safu moja, foleni itakuwa na urefu wa mita 1,500, yaani kilomita moja na nusu. Yakijipanga katika safu zote mbili, itakuwa mita 750. Magari ni yale yale, barabara ni ile ile, lakini mkia wa foleni umekatwa nusu.

Pengine mtu atauliza: kuna faida gani, ikiwa mlango wa kutokea ni mmoja tu? Swali ni zuri, na sharti lijibiwe kwa ukweli. Kujipanga safu mbili hakuupanui mlango, na gari la mwisho halitafika nyumbani saa nzima mapema kwa sababu hiyo. Faida iko kwingine. Foleni ya kilomita moja na nusu hurudi nyuma hadi ikaziba makutano, ikawanasa watu ambao hata hawaelekei huko: anayekwenda hospitalini, basi la shule linalotaka kukata kona tu, gari la zimamoto. Foleni fupi huwaachia hao njia yao.

Tena, safu moja inaposimama na ya pili ikabaki tupu, tofauti ya mwendo huwa kubwa. Gari linalokwenda kasi hupita kando ya gari lililosimama, na dereva aliyechoka kungoja huchomoza ghafla bila kutazama. Hapo ndipo bodi zinapokwaruzana na watu kushikana mashati. Safu zote mbili zikijaa na kwenda kwa mwendo mmoja, hakuna nafasi ya kukimbilia, na kwa hiyo hakuna wa kumwonea kijicho. Ulafi huhitaji nafasi tupu. Ukiijaza nafasi hiyo kwa utaratibu, umemwondolea mlafi uwanja wake.

Kuna hesabu ya pili, nayo inahusu pale mlangoni penyewe. Gari moja likipita kila baada ya sekunde 2, yatapita magari 30 kwa dakika, na 1,800 kwa saa. Madereva wakianza kubishana, huyu akisogeza pua ya gari, yule akifunga breki, mwingine akiteremsha kioo kutukana, na nafasi kati ya gari na gari ikawa sekunde 3, yatapita magari 20 tu kwa dakika, na 1,200 kwa saa. Sekunde moja ya ukaidi, ikirudiwa na kila dereva, imewanyima watu 600 nafasi ya kupita katika saa hiyo. Na aliyekuwa akikaidi ili asipoteze muda amepoteza muda wake pia.

Dawa ya ukaidi huo ni sheria nyepesi mno: mmoja wa huku, mmoja wa kule. Gari la kushoto likipita, la kulia lifuate, kisha la kushoto tena, kama meno ya zipu yanavyoshikana moja baada ya jingine. Asiingie mtu kwa nguvu, wala asinyimwe mtu zamu yake.

Haya si maneno niliyoyaota kitandani. Wajerumani wameyaandika katika sheria yao ya barabarani, kifungu cha 7: mahali safu inapokoma, magari ya safu hiyo sharti yaruhusiwe kuingia kwa kupokezana, tena karibu kabisa na pale barabara inapoanza kuwa nyembamba, si kilomita moja kabla. Utaratibu wenyewe wameuita kwa jina la zipu. Uingereza nayo, katika kanuni ya 134 ya kitabu chake cha kanuni za barabarani, inawashauri madereva waingie kwa zamu magari yanapokwenda polepole sana, kwa mfano wanapokaribia mahali barabara inapotengenezwa. Huko Marekani, idara ya uchukuzi ya jimbo la Minnesota imekuwa ikiwahimiza madereva wake watumie safu zote mbili hadi mwisho, na husema kwamba utaratibu huo unaweza kuupunguza urefu wa foleni kwa hadi asilimia 40.

Lakini msomaji na aweke maanani sharti lililomo. Kanuni hiyo ni ya wakati wa msongamano. Ikiwa barabara ni nyeupe na magari yanakwenda kasi, dereva mwenye busara huhama mapema, pindi apatapo nafasi salama. Kukimbia kwa kasi hadi kwenye koni na kukanyaga breki za ghafla hapo si kupeana zamu, ni kujitafutia ajali.

Nazijua hoja watakazonipinga nazo wenzangu. Ya kwanza: "Hapa si Ujerumani. Hapa ukimpisha mmoja, kumi watapita." Kweli, nami nimeyaona hayo. Lakini tujiulize kwa nini kumi hupita. Hupita kwa sababu hatuna hesabu tunayokubaliana. Anayepisha leo hajui ampishe nani na amzuie nani, na anayeingia hajui kama atapata nafasi nyingine, basi hushika mkia wa mwenzake asiachwe. Tukikubaliana kwamba hesabu ni mmoja, basi wa pili anayejaribu kujipenyeza atajulikana kuwa mkosaji, na wa kwanza hatachukiwa bure. Kupisha mmoja si udhaifu, na kumzuia wa pili si ukatili. Yote mawili ni kanuni ile ile.

Hoja ya pili ni ya wale wasemao kwamba nahalalisha mtindo wa kuacha foleni na kujitungia njia. La hasha! Wenzetu wa Tanzania wana neno zuri la tendo hilo: kutanua. Sisi wa Kenya tumelichukua la Kiingereza kama lilivyo, labda kwa sababu tunaona haya kulipa jina letu wenyewe. Mtu atanuaye hatumii safu iliyo wazi. Anajitengenezea safu isiyokuwapo, na anaitengeneza katika ardhi ya mtu mwingine, ama ya mwenda kwa miguu, ama ya dereva anayetoka mbele.

Mifano tunayo. Ni nani kati ya walimu na wanafunzi wanaosafiri mwezi wa Desemba na Januari asiyeijua barabara ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru? Sehemu kubwa ya barabara hiyo imekuwa na safu moja tu kwenda na moja kurudi. Gari moja likiharibika karibu na Kinungi au Gilgil, foleni huanza. Dereva mmoja huona upande wa pili ni mweupe, akatoka. Wa pili humfuata, wa tatu, wa hamsini. Baada ya nusu saa huwa kuna safu tatu au nne zinazotazama Nakuru, na za upande wa pili nazo zimefanya vivyo hivyo, mpaka pande mbili zinakutana uso kwa uso, hakuna awezaye kwenda wala kurudi. Ni ile hadithi ya mbuzi wawili darajani tuliyosomeshwa tukiwa wadogo, isipokuwa mbuzi sasa ni maelfu, na ndani ya matumbo yao mna watoto wachanga, wagonjwa na wazee wanaokesha barabarani bila maji.

Kwenye barabara kama hiyo, kukaa katika safu yako ndiyo zamu yako. Kwenye barabara yenye safu mbili kila upande, kuzitumia zote mbili ndiyo zamu yako. Tofauti hizi si ngumu kufahamika, ila hatujafunzwa.

Na hapa nafika penye kiini cha neno langu. Foleni ni ahadi. Mtu hukubali kusimama nyuma ya mwenzake kwa kuwa anaamini kwamba zamu yake itafika na itaheshimiwa. Siku anapoacha kuamini hivyo, hakuna kibao wala koni itakayomzuia.

Mji wa Mlolongo, pale Expressway inapoanzia, watu husema uliitwa hivyo kwa sababu ya malori yaliyojipanga kwa wingi yakingoja kupimwa uzito. Lakini kwa Wakenya wa rika langu, neno mlolongo lina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, wapiga kura waliamriwa wajipange nyuma ya wagombea wao au nyuma ya picha zao, wakahesabiwa hadharani mchana kweupe. Wengi walilalamika baadaye kwamba walishuhudia mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi, na mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Kizazi kizima kikafunzwa kwamba kujipanga ni kazi ya wanyonge, na kwamba mambo hupatikana kwingine, nyuma ya pazia.

Sidai kwamba kila dereva anayetanua leo anaukumbuka mwaka 1988. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Lakini nadai kwamba nchi ambayo mtu hutangulizwa hospitalini kwa kumjua muuguzi, na hupata kazi kwa kumjua mkubwa, haiwezi kushangaa inapoona foleni zake barabarani zikivunjika. Na kila msafara wa mkubwa unaopita kwa ving'ora katika upande usio wake, wakati wananchi wameketi juani, ni somo linalofundishwa mbele ya maelfu ya wanafunzi.

Wenye mamlaka nao hawawezi kunawa mikono. Kibao kinachosema tu kwamba safu imefungwa mbele kinamwachia dereva fumbo alifumbue peke yake. Kingetosha kibao cha pili, kilichoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Tumieni safu zote mbili." Na penye koni kingekuwapo cha tatu: "Ingieni hapa, mmoja mmoja." Gharama yake ni rangi na bati. Shule zinazofundisha udereva nazo zimezoea kumfunza mwanafunzi kusogeza vigari vya mbao juu ya ubao ulioigizwa mji, kisha kumkariri ishara. Ni vyema afunzwe pia nini cha kufanya wakati vigari viwili vinapotaka nafasi moja.

Hata hivyo, siwezi kungoja serikali ndipo nianze kuwa muungwana. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo sababu nimeyaelekeza maneno haya kwenu walimu. Huhitaji gari ili kulifundisha somo hili. Chukua wanafunzi 60, wagawe katika mistari miwili nje ya darasa lenye mlango mmoja. Mara ya kwanza waambie waingie kila mtu awezavyo, mradi asimwangushe mwenzake. Mara ya pili waambie waingie mmoja wa mstari huu, mmoja wa mstari ule. Shika saa mkononi, andika dakika ubaoni, kisha uwaulize wao wenyewe wameona nini, na nani alikanyagwa. Hilo ni somo la hesabu, ni somo la uraia, na mwalimu wa Kiswahili akitaka, ni mada ya insha.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba adabu hii inangoja siku mtakayopata leseni. Iko penye bomba la maji, iko dirishani pa jikoni wakati wa chakula cha mchana, iko kwenye mlango wa basi jioni. Kiranja anayejipakulia kwanza kwa sababu ni kiranja anajifunza kutanua. Anayemzuia mwenzake zamu yake kwa sababu "alichelewa kuja" anajifunza kujifanya hakimu, kama mjomba wa msichana fulani. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 barabara zetu ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Si wote walioponzwa na foleni, lakini wengi waliponzwa na ile fikira kwamba barabara ni yangu na wengine wanaichafua tu.

Nilisema nitajipandisha kizimbani, basi nimalizie ushahidi wangu. Mpwa wangu aliporudi garini mikono ikiwa na matope, hakusema neno. Tulitambaa hivyo hivyo hadi tukazifikia koni. Safu yangu ikakoma. Sasa mimi, niliyewaita wenzangu walafi, nilikuwa nimesimama pale pale walipokuwa wamesimama wao, nikiwasha indiketa na kuomba kuingizwa. Kushoto kwangu lilikuwa lori lile lile nililokuwa nikilitumia kama ukuta.

Dereva wa lori alinitazama. Alikuwa na kila sababu ya kusonga mbele na kuniacha. Alipunguza mwendo, akatoa mkono dirishani, akanipungia nipite. Nikapita, naye akafuata, na nyuma yake nikaona kwenye kioo gari jingine la safu ya kulia likiingia, kisha la kushoto, kisha la kulia.

Tulifika shuleni saa kumi na robo. Bawabu alitufungulia.